Mota za spidi tofauti kwenye AC na hita: zinavyofanya kazi, jinsi ya kuziseti na kuzipima (mwongozo kamili)

Watu wengi wakisikia AC ya inveta, yaani yenye mota ya spidi tofauti, wanajua jambo moja tu, kwamba inakula umeme kidogo, na ni kweli, lakini ukiishia hapo hutaweza kuiseti, hutajua kwa nini imeanza kuvuma ghafla na mwisho utabadilisha mota nzima kumbe shida ilikuwa filta imeziba. Nimeona hii mara nyingi sana na inaniuma, kwa sababu mota hizi ni nzuri kweli kweli ukizielewa.

Jambo la kushika kabla ya yote ni hili: mota ya spidi tofauti inatii amri. Kuna bodi (sakiti ya elektroniki) inaiambia ishikilie kitu fulani, na yenyewe itahangaika kukishikilia hata kama ni kwa kujiumiza. Ukijua imeambiwa ishikilie nini, dalili zake nyingi utazielewa hata kabla hujafungua skrubu moja.

Hatua ya 1: anza na mota ya zamani

Mota ya kawaida ya feni, ile yenye kapasita pembeni, spidi yake imefungwa na umeme wenyewe. Chukua 120, zidisha kwa hezi za umeme, gawanya kwa idadi ya ncha za sumaku za mota. Kwa umeme wa 50 Hz mota ya ncha 4 inapata 1500 kwa dakika, ya ncha 6 inapata 1000, na kwa 60 Hz zinakuwa 1800 na 1200. Rota, ile sehemu ya mota inayozunguka, huwa nyuma kidogo ya namba hizo, ndo maana kibao cha mota kinaandika spidi ambayo iko chini kidogo.

Sasa zile waya za rangi rangi za spidi ya juu, ya kati na ya chini zinafanya nini? Zinaidhoofisha mota tu, ili rota izidi kuchelewa nyuma ya uga wa sumaku, na kule kuchelewa kunageuka joto ndani ya mota yenyewe. Yaani umepunguza hewa ila umeme haujapungua kama ulivyotarajia. Kompresa ya kawaida nayo ni hivyo hivyo, haina kati, inawaka yote au inazima yote, na kila inapowaka inavuta mkondo kama mara 5 hadi 7 ya ule wake wa kawaida kwa muda mfupi, hapo ndo unaona taa zinafifia.

Hatua ya 2: kinachofanyika ndani ya mota mpya

Rota imebandikwa sumaku za kudumu. Kwenye steta, ile sehemu isiyozunguka, kuna koili za fezi tatu, hata kama umeme unaoingia ni fezi moja. Katikati kuna bodi, wengine wanaiita moduli, na kazi yake inaenda hivi.

Umeme wa kawaida unaingia, daraja la dayodi linaugeuza kuwa DC (umeme wa mkondo mmoja kama wa betri), kapasita kubwa zinaulainisha. Ukiingiza volti 230 unapata DC ya karibu 325, kwa sababu kilele cha wimbi ni 1.41 mara ya namba tunayoitaja, na bodi nyingine zina sakiti ya kuipandisha zaidi ya hapo. Kisha transista 6, yaani swichi za elektroniki, zinaikatakata hiyo DC kwa kuwasha na kuzima maelfu ya mara kwa sekunde, zikibadilisha upana wa kila kipande, mpaka koili zinaona kama zimepewa umeme wa fezi tatu wenye hezi yoyote ambayo bodi imeamua. Bodi ikitaka spidi ndogo inatengeneza hezi ndogo na volti ndogo, ikitaka spidi kubwa inapandisha vyote viwili.

Kuna kitu hapo hakisemwi sana. Bodi lazima ijue sumaku za rota ziko wapi ili iwashe koili sahihi kwa wakati sahihi. Mota nyingine zina sensa ndogo za sumaku, nyingine zinasikiliza volti inayozalishwa na rota yenyewe inapozunguka. Rota ikiwa imesimama hakuna volti ya kusikiliza, kwa hiyo nyingi ukiziwasha zinacheza mbele na nyuma kidogo halafu ndo zinaondoka. Hiyo ni kawaida kabisa. Zikiendelea kucheza hivyo bila kuondoka ndo kuna shida, tutafika huko.

Hatua ya 3: hesabu ya feni, hapa ndo umeme unapookolewa

Kwa feni iliyofungwa kwenye dakti (njia za kupitishia hewa) ambazo hazibadiliki kuna kanuni tatu. Hewa inapanda sawa na spidi. Presha inapanda kwa spidi mara spidi. Nguvu ya umeme inapanda kwa spidi mara spidi mara spidi. Soma tena hiyo ya mwisho. Ukishusha spidi mpaka 80% hewa inashuka mpaka 80% lakini nguvu inayohitajika na feni inabaki kama 51%. Ukishusha mpaka nusu inabaki 12.5%.

Mtu atauliza, si itabidi iende muda mrefu zaidi? Ndiyo, iende mara mbili, bado ni 25% ya nishati ya awali kwa kusukuma hewa ile ile. Kiuhalisia bodi nayo inakula kidogo na mota haifanyi kazi kwa ubora ule ule kwenye spidi zote, kwa hiyo usitegemee 25 kamili, lakini tofauti bado ni kubwa mno. Kwa hiyo ukisikia feni inaenda polepole masaa mengi usikimbilie kuizima, hivyo ndo inatakiwa kwenda.

Kompresa usiipigie hesabu hii, na hapa hata mafundi wazoefu wanakosea. Kompresa inasukuma gesi dhidi ya presha ambayo haitokani na spidi yake peke yake, kwa hiyo nusu ya spidi haikupi 12.5%. Faida yake inatoka kwingine. Ikienda polepole gesi inayopita ni kidogo wakati koili za AC za ndani na nje, zile za mabomba ya gesi, ziko vile vile, ni kama umefungiwa koili kubwa kuliko kazi iliyopo. Koili ya nje inatoa joto bila kupanda moto sana, koili ya ndani haihitaji kuwa baridi sana, pengo la presha kati ya pande mbili linapungua na kompresa inapumua. Ongeza na kwamba haiwaki na kuzima kila baada ya muda mfupi. Ndo maana pia ukinunua inveta kubwa kupita chumba unajinyima faida, kwa kuwa kila kompresa ina spidi ya chini kabisa ambayo haiwezi kushuka zaidi, na kama hata hiyo ni nyingi kwa chumba chako itaanza kuwaka na kuzima kama ile ya zamani.

Hatua ya 4: jua amri ya mota yako

Hapa naomba utulie, maana ndo kiini cha yote. Utakutana na mota za feni ambazo kwa nje zinafanana ila zimeambiwa vitu tofauti.

Aina ya kwanza imeambiwa ishikilie nguvu ya kuzungusha. Ina tepu kadhaa (pini za kuchagua kiwango), mara nyingi 5, kila tepu ni kiwango chake, na tepu inaamshwa na umeme mdogo wa volti 24 kutoka bodi kuu. Filta ikiziba mota hii itazunguka haraka kidogo lakini hewa itapungua, ila haipungui kwa ukali kama ya zamani.

Aina ya pili imeambiwa ishikilie hewa yenyewe. Kiwandani wameijaribu na kuandika ndani ya bodi uhusiano wa spidi, nguvu na hewa kwa feni ile ile, kwa hiyo mota haina sensa ya hewa ila inajua kwa hesabu ni kiasi gani kinapita. Filta ikiziba inaongeza spidi, ikiziba zaidi inaongeza zaidi, mpaka inafika mwisho wa uwezo wake. Wewe ndani hujui kitu kwa sababu hewa bado inakuja vizuri, kumbe mota inakula umeme mwingi, inavuma, inachemka na bodi inazeeka kabla ya wakati.

Linganisha na ya zamani yenye kapasita: filta ikiziba mkondo wa ile unashuka, kwa kuwa feni ya silinda yenye mapezi mengi ikinyimwa hewa haina mzigo wa kubeba. Sasa fundi aliyezoea hiyo akikuta mota ya kushikilia hewa inavuta mkondo mkubwa anasema imekufa, anaiondoa, anafunga mpya, na baada ya muda mpya nayo inaungua. Mota ilikuwa inatii. Mwenye kosa ni dakti nyembamba au filta chafu.

Aina ya tatu ni ile ya AC za ukutani, feni ndogo ya DC ambayo bodi inaisimamia kwa spidi, na yenyewe inarudisha ishara ya mapigo kusema naenda kwa spidi hii. Ishara ikikosekana bodi inaizima feni na kuonyesha kodi ya hitilafu, hata kama ulijiona kwa macho inazunguka kwa sekunde kadhaa.

Pampu ndogo za maji ya moto za hita nazo ziko kwenye familia hii, nyingi zinaambiwa zishikilie presha, au zishushe presha kadiri valvu za vyumba zinavyofunga.

Hatua ya 5: kuiseti

Kwanza pima presha ya dakti kabla hujagusa swichi yoyote. Toboa tundu dogo kati ya filta na feni na lingine baada ya feni (chunga usitoboe koili wala waya), chomeka mipira ya manomita (kipima presha), jumlisha namba mbili bila kujali alama ya kujumlisha au kutoa. Mashine nyingi za nyumbani zimepangwa kwa presha ya kama 125 Pa, yaani nusu inchi ya maji, ila cha kwako kimeandikwa kwenye kibao, fuata hicho. Ukikuta namba imepita mbali usiendelee kuseti. Badilisha filta, fungua matundu ya hewa yaliyofungwa, angalia koili kama imejaa vumbi, halafu pima tena.

Ikiwa sawa ndo unachagua kiasi cha hewa kwa swichi ndogo za kwenye bodi au kwa menyu. Kianzio cha kupoza ni kama mita za ujazo 680 kwa saa kwa kila BTU 12,000. Sehemu yenye unyevunyevu mwingi shuka kidogo kuelekea 600, kwa sababu hewa ikipita polepole koili inakuwa baridi zaidi na inakamua maji mengi. Sehemu kavu unaweza kupanda kidogo. Usishuke ovyo, koili itaganda barafu. Na kwenye hita ya gesi hewa ikiwa ndogo mno kikinga joto kitakata moto kila mara, kwa hiyo baada ya kuseti pima joto la hewa inayoingia na inayotoka, tofauti yake iwe ndani ya kiwango cha kibao.

Kuna seti ya feni kuendelea baada ya kompresa kuzima. Wakati wa hita inasaidia kutoa joto lililobaki, lakini kwenye kupoza sehemu yenye unyevunyevu usiirefushe, maji yaliyoko kwenye koili yatakauka na kurudi ndani, utabaki unashangaa chumba baridi lakini mwili unanata.

Hatua ya 6: kupima inapokataa kufanya kazi

Usalama kwanza na hapa sina mzaha. Zima breka, subiri angalau dakika 5, au zaidi kama kibao kinasema, halafu pima kwenye kapasita kwa multimita ukiwa umeiweka DC. Zile kapasita zinabaki na volti zaidi ya 300 baada ya kuzima, na hizo zinaua. Kama huna uzoefu na umeme, sehemu hii isome ili umwelewe fundi, kazi muachie yeye.

Usichomeke wala kuchomoa plagi ya umeme mkubwa ya mota ikiwa na umeme, cheche zinakula pini na bodi inaweza kufa hapo hapo.

Kwa mota za dakti anza na maswali mawili tu. Umeme mkubwa upo? Amri ipo? Mota hizi zina umeme mkubwa muda wote hata zikiwa zimesimama, zinachosubiri ni amri. Ukikuta 230 ipo na volti 24 haipo kwenye tepu, usiilaumu mota bado, rudi kwenye bodi kuu au themostati. Vyote viwili vikiwepo na haizunguki, sasa ndo unaishuku mota.

Zima tena, subiri, izungushe feni kwa mkono. Utahisi vishindo vidogo vidogo, hizo ni sumaku, ni kawaida. Ikiwa ngumu sana kuzunguka, tenganisha moduli na mota halafu zungusha tena. Ikilainika, transista za moduli zimepiga shoti na ndo zilikuwa zinaibana. Ikibaki ngumu, beringi au mota yenyewe. Kisha kwenye plagi ya waya tatu ya mota pima omu kati ya kila jozi, zote tatu zilingane, na kutoka kila waya kwenda chuma cha mota kusiwe na njia. Zikiwa sawa, badilisha moduli peke yake kama inauzwa peke yake, na uhakikishe ni ya mashine ile ile, maana programu ya hewa imeandikwa humo, moduli inayofanana umbo tu haitoshi.

Mota inayocheza mbele na nyuma bila kuondoka, mara nyingi ni fezi moja imekatika au pini imelegea. Inayopanda na kushuka kama mtu anayehema, rudi kwenye presha ya dakti.

Onyo moja kwa mota zenye plagi ya pini 5: kuna waya mfupi unaounganisha pini 1 na 2 kwa ajili ya umeme wa volti 120 tu, kazi yake ni kuifanya bodi izidishe volti mara mbili. Ukiuacha halafu ukaingiza 230 umeua moduli papo hapo, hairudi.

Kwa kompresa ya inveta, tenganisha waya za U, V na W (zile tatu za fezi za kompresa), pima omu kati yao, zote tatu zilingane, na kwenda chuma kusiwe na njia. Zikiwa sawa geukia bodi kwa kipimo cha dayodi: kutoka mstari wa chanya na wa hasi wa DC kwenda kila moja ya U, V, W, upande mmoja usome sehemu ya volti, kama 0.3 hadi 0.7, ukigeuza vipimo usisome kitu. Ukipata sifuri pande zote transista imekufa. Usijaribu kamwe kuipa kompresa hii umeme wa ukutani moja kwa moja, na usibadilishane waya za U, V, W, itazunguka kinyume. Kipima insulesheni cha volti nyingi kitumie baada ya kuitoa bodi tu, la sivyo unaiunguza mwenyewe.

Na klampu mita iwe ile ya kusoma mkondo wa kweli wa mawimbi yaliyovunjika, zile za bei ya chini zinadanganya hapa.

Majengo makubwa kwa kifupi

Huko mota ni ya fezi tatu ya kawaida na inveta, yaani ile bodi ya kubadilisha spidi, imefungwa kwenye boksi lake ukutani. Ingiza namba za kibao cha mota zote kwenye menyu, usikisie. Weka spidi ya chini ambayo mota bado inapoa, kwani ina feni yake nyuma na ikienda taratibu mno inajichemsha. Sensa ya presha ifungwe mbali kwenye dakti, kama theluthi mbili ya njia, na lengo la presha liwe la chini kadiri vyumba vya mwisho vinavyoruhusu, maana kila pascal ya ziada unailipia. Usifunge kapasita za kurekebisha umeme kati ya inveta na mota. Beringi zikianza kulia mapema na ukizifungua unakuta mistari mistari kama ubao wa kufulia, ni mkondo unapita kwenye shafti, funga pete ya kuupeleka ardhini.

Ukimaliza kufunga mota ya dakti geuza plagi zake zitazame chini, waya zining'inie kwanza chini ya plagi ndo zipande, ili maji ya koili yakitiririka kwenye waya yadondoke hapo kabla hayajaingia kwenye bodi. Moduli nyingi nilizozifungua zikiwa na kutu ndani ziliingia maji kwa njia hiyo hiyo.